Mbaruku Mchoma Chokaa Aliponishitaki

Vijana wa ofisini, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kitu ambacho mtu aliyestaafu hakihitaji hata kidogo, kisha mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Saa nimeitundika jikoni, inanisaidia kuchemsha mayai. Maandishi ndiyo haya. Nilipanda cheo lini na nilihamishiwa wapi, hayo mtayakuta kwenye jalada langu, ikiwa panya wa masjala wamewaachia chochote.

Niliingia kazi ya ustawi wa jamii nikiwa msichana mwembamba wa Makorora, hapa Tanga, nimetoka chuoni na cheti kipya, nikiamini kwamba kumlinda mtoto ni kuingia nyumba ya watu kwa hasira. Siku ya kwanza nilipokewa na Mama Hilda. Alikuwa Mlutheri kutoka milima ya Amani, mrefu, na sauti yake ya kwaya ilikuwa haijui kunong'ona. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akiangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kufunga kamba, vinang'aa.

"Tatu," akasema, "hivyo utavivua kwenye milango ya watu siku nzima? Mwenye kuiba mtoto atakuwa keshafika Mombasa, wewe bado unahangaika na fundo."

Kesho yake nilivaa ndala, na toka hapo sijarudi nyuma. Mkiona maafisa wa siku hizi wanavyoinama kwenye vizingiti vya watu, mtajua ni nani hakufundishwa na Mama Hilda.

Alinifundisha na mengine. Soda pokea, kuku kataa. Usimhoji mtoto umesimama, kaa chini mchore pamoja; penseli za rangi zitakueleza zaidi kuliko pipi. Na kubwa kuliko yote: ukifika nyumba ya watu, omba maji ya kunywa, halafu mfuate anayekwenda kuyaleta. Mwenye nyumba atakuwekea sebuleni maneno mazuri aliyoyapanga. Lakini mtungi uko ndani, na huko ndani hakuna aliyepata muda wa kupanga kitu. Kwa njia hiyo nimekunywa maji ya nusu ya mkoa huu, na tumbo langu ni ushahidi kwamba nilijituma.

Lakini najua mnachotaka. Hata nikiwaandikia juu ya watoto waliopotea sokoni Mgandini, au yule mama wa Mkwaja aliyenifichia mumewe chini ya kitanda akidhani natafuta mume, mtaruka kurasa mfike pale pale: "Bi Tatu, ni kweli ulishitakiwa?" Ni kweli. Nilishitakiwa na baba wa mtoto, mahakamani, kwa jina langu kamili ambalo hata marehemu mume wangu alikuwa halijui lote.

Baba huyo aliitwa Mbaruku. Aliishi Pongwe, na kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa uani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni: shimo kubwa la mawe na magogo, linalowaka siku kadhaa mfululizo mpaka mawe yanalainika kuwa unga. Kila kitu kwa Mbaruku kilikuwa cheupe: nyusi, kuku, mbuzi, hata redio. Alikuwa pia mtu wa kupenda haki zake. Alishawahi kumpeleka jirani baraza la kata kwa sababu jogoo wa jirani huyo aliwika chini ya dirisha la Mbaruku, na akashinda.

Aliyetuletea habari alikuwa mwalimu. Mbaruku ana mtoto wa kiume, Athumani, alisema, aliyeacha kuja shule, na majirani wanasema anafungwa kamba ndani. Nikaenda na mwenyekiti wa mtaa pamoja na askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto, binti mpole aliyevaa kiraia. Mbaruku alitukaribisha vizuri sana. Mtoto? Yuko kwa bibi yake, Muheza. Shule? Atarudi, inshallah. Nikaomba maji.

Mkewe, Mwanahamisi, akainuka. Nikainuka naye. Kwenye ukumbi mwembamba alisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa komeo la nje, akaniangalia. Aliondoka tu mlangoni, akaenda mtungini, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Nikafungua komeo. Athumani alikuwa ameketi kwenye mkeka, safi, amepakwa mafuta, kando yake sahani ya wali na samaki. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kamba ya katani kwenye tendegu la kitanda. Juu ya kifundo kamba ilikuwa imezungushiwa kipande cha kanga ili isimkwaruze, lakini ilikuwa imemkwaruza. Kidonda kilikuwa kibichi.

"Shikamoo," akaniambia. "Umekuja kunifungua au kunifunga?"

Athumani alikuwa na kifafa. Kilikuwa kikimwangusha bila kumwambia, na mara ya mwisho kilimwangusha uani, kwenye ukingo wa tanuri linalowaka. Mbaruku alimdaka kwa shati. Siku hiyo hiyo alikwenda kununua kamba.

Haya yote alinieleza baadaye. Pale pale hakunieleza, alinifokea. Nami nilifanya nilichotakiwa kufanya: tulimpeleka mtoto hospitali, wakamsafisha kidonda na kumwanzishia dawa za kifafa, na mahakama ikatoa amri akae kwa muda kwa mama yake mdogo, Bi Saumu, huku mjini. Wazazi waliruhusiwa kumtembelea. Baba aliamriwa ahudhurie kliniki ajifunze dawa, na ajenge kizuizi kuzunguka tanuri, ndipo mtoto arudi. Athumani alilia nilipomchukua. Alimlilia baba yake, si mimi, na nilimsikia njia nzima mpaka hospitali.

Sasa, mliosoma vitabuni mnajua kwamba afisa akishamwondoa mtoto, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kila wiki ilinibidi niende Pongwe kukagua, na kila wiki Mbaruku alinipokea kama mtu anayepokea mvua kwenye harusi. Hakuniita jina. Aliniita Bi Ustawi.

"Karibu Bi Ustawi. Leo umekuja kuchukua nani? Mbuzi?"

"Mbuzi hana kidonda, Bwana Mbaruku. Ukuta umefika wapi?"

Ukuta ulikuwa haujafika popote. Lakini chai ilikuwa inaletwa, kwa sababu Mwanahamisi hakukubali mgeni aondoke mkavu, hata awe mgeni wa namna yangu. Basi siku moja nimekaa kibarazani kwa Mbaruku, nimeshika andazi, akatokea kijana na begi la kitambaa, anavuja jasho. Akasema ametoka mahakamani, amezunguka mji mzima akimtafuta Bi Tatu wa ustawi ampe hati ya wito.

Mbaruku akaninyooshea kidole. "Ndiye huyo. Lakini ngoja amalize andazi."

Nilimaliza. Nilichukua na la pili, ili asidhani nimetishika. Hati ilisema mdai ni yeye, mdaiwa ni mimi binafsi, na kosa langu ni kumpokonya mtoto na kumvunjia heshima. Alichotaka ni kwamba nimwombe radhi hadharani, mbele ya majirani wote wa Pongwe, kwa kipaza sauti.

"Kipaza sauti cha nini?" nikamuuliza. "Sauti yangu unaijua."

"Naijua mimi. Wengine hawajapata bahati hiyo."

Nikacheka, naye karibu acheke. Lakini nawaambieni ukweli wanangu, kurudi mjini sikucheka. Msiulize jinsi mji huu unavyosambaza habari. Kufika Ijumaa, mwanamke niliyekuwa nikinunua kwake bajia aliniuliza kama nitafungwa, akaniongezea mbili za bure. Maafisa wenzangu wakaanza kuogopa. Binti mmoja mpya, aliyekuwa na kesi ya mtoto aliyevunjwa mkono, alikuja mezani kwangu akasema afadhali asubiri kwanza aone yangu inaishaje. Hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kweli. Kesi ya Mbaruku ilikuwa juu yangu, lakini mkono uliovunjika ulikuwa wa mtoto mwingine. Nilimvisha yule binti ndala zangu za akiba, nikaenda naye mwenyewe.

Halmashauri ilinipa mwanasheria wake, kijana nadhifu aliyevaa suti hata kwenye joto la Tanga ambalo hata mbwa wanalikataa. Alikuwa na furaha kubwa.

"Bi Tatu, hili halifiki popote," alisema. "Kuna kifungu. Mtumishi aliyefanya kazi yake kwa nia njema hashitakiwi yeye binafsi. Una kinga. Natia pingamizi la awali, kesi inatupwa kabla hujafungua mdomo. Wewe fanya jambo moja tu: usionane na mdai."

"Nitaonana naye kesho."

"Kwa nini?"

"Ni siku ya kliniki. Amri ya mahakama inasema aje na mimi."

Akafungua kifungo cha koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatoa jasho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, miezi mingi. Mtu aliyenishitaki nilikuwa nakaa naye benchi moja kliniki, katikati yetu Athumani na Bi Saumu, tukisubiri daktari. Mara ya kwanza Mbaruku alimwambia daktari kwamba mwanawe ana shetani, na kwamba ameshazunguka kwa waganga mpaka Pangani. Daktari hakubishana naye. Alimwambia, "Shetani huyo anaogopa vidonge. Mpe asubuhi na jioni, bila kuruka, uone." Mbaruku aliuliza maswali mengi kuliko wazazi wote waliokuwa mle. Je, akitapika dawa? Akifunga Ramadhani? Akianguka, je, kweli nimtie kijiko mdomoni? Usimtie kitu chochote, daktari akasema, akamlalisha muuguzi sakafuni kwa ubavu kumwonyesha. Mbaruku naye akalala sakafuni, apate kujua ubavu upi.

Shauri lilipangwa kusikilizwa asubuhi ya siku ambayo gari la ofisi halikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Nilikuwa Pongwe toka alfajiri kwa shughuli nyingine, nimesimama barabarani naangalia saa. Kirikuu ikapunguza mwendo, ile gari ndogo ya mizigo ya Mbaruku. Akachungulia dirishani, amevaa kanzu.

"Bi Ustawi, unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

"Basi panda. Nikishinda bila wewe kuwepo, watasema nimeshinda kwa bahati."

Kiti cha mbele alikuwa amekaa Mwanahamisi. Nikabanana naye, juu ya gunia la chokaa lililokosa nafasi nyuma. Nilipanda nimevaa buibui jeusi. Niliposhuka mbele ya mahakama nilikuwa nimefanana na ukuta mpya. Mwanasheria wangu alikuwa ngazini. Aliangalia gari, akamwangalia mdai akinishika mkono nishuke, akaniangalia mimi.

"Mmekuja pamoja?" Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeumwa na siafu.

"Ni njia moja," Mbaruku akamjibu.

Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mtaratibu, wa miwani. Mwanasheria akasimama, akasoma pingamizi lake vizuri, na neno kinga alilitaja mara nyingi mpaka likachoka. Hakimu akamgeukia Mbaruku, ambaye hakuwa na wakili.

"Umesikia, mdai? Wenzako wanasema mdaiwa ana kinga."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Kinga ya nini, surua?"

Watu wakacheka. Hakimu akangoja wamalize. "Kinga ya kisheria. Akifanya kazi yake kwa nia njema, huwezi kumshitaki."

Mbaruku akafikiri. "Naomba kuuliza. Nia iko moyoni, sivyo? Huyu wakili hakuwepo Pongwe siku hiyo. Moyo wa Bi Ustawi kauonea wapi?"

Mwanasheria alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akasema kinga ipo, lakini imefungwa kwenye hilo neno nia njema, na nia njema haijulikani kwa kusomewa. Atanisikia kwanza mimi. Mwanasheria wangu alifunga macho. Mimi, niwe mkweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeogopa kushinda kwa kunyamaza, halafu nirudi kukaa kibarazani kwa watu wale.

Nikapanda kizimbani na chokaa yangu. Nikala kiapo, nikaeleza niliyoyaona. Kisha ikawa zamu ya Mbaruku kuniuliza. Alikuja karibu, na mara hii hakuwa na mzaha.

"Bi Ustawi. Kamba uliiona?"

"Niliiona."

"Ilizungushiwa nini?"

"Kipande cha kanga."

"Kwa nini?"

"Isimkate."

"Chakula alikuwa nacho?"

"Wali na samaki."

"Sasa niambie, mbele ya Mungu na mbele ya Mheshimiwa. Mimi niliyefunga kamba ile, nia yangu ilikuwa gani?"

Mwanasheria alikuwa ananitikisia kichwa. Niliiona akilini ile kamba tena, na lile shati alilodakwa nalo mtoto kwenye ukingo wa moto.

"Nia yako ilikuwa njema," nikasema.

Mwanasheria akafunga jalada lake.

"Basi mwenye nia njema wewe una kinga," Mbaruku akasema polepole. "Mwenye nia njema mimi, kinga yangu iko wapi? Mbona mimi nilinyang'anywa?"

"Kwa sababu kidonda kilikuwepo, Baba Athumani. Nia ilikuwa njema, na kidonda kilikuwepo."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, jina la mwanawe likiwa ndani yake.

"Na siku ulipomchukua, analia. Hicho si kidonda?"

"Ni kidonda. Ndiyo maana kila wiki nakuja."

Nyuma yake nilimwona Mwanahamisi amejifunika uso kwa upindo wa kanga. "Sina swali jingine," Mbaruku akasema, akarudi kukaa kando ya mkewe.

Hakimu alisoma uamuzi wiki chache baadaye. Alisema nilifanya kazi kwa nia njema, kwa hiyo sheria inanilinda na shauri limeondolewa. Akaongeza, akituangalia maafisa tuliojaza benchi la nyuma, kwamba kinga hiyo imewekwa ili afisa asiogope kumfungua mtoto, haikuwekwa ili afisa asijibu akiulizwa. Mwanasheria alinipa mkono kama mtu aliyeshinda, ingawa alinisogelea kwa tahadhari, suti yake ikiwa mpya. Mbaruku alitoka bila kuniaga. Yule binti wa ofisini, niliyemvisha ndala, alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na mchana huo huo akatoka kwenda Chumbageni kwenye kesi nyingine, peke yake.

Nilidhani Pongwe sasa sitapewa hata maji. Wiki iliyofuata nilikwenda, nimejiandaa kutukanwa. Mbaruku alikuwa uani, mikono imejaa udongo, anapanga matofali. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni.

"Usisimame hapo, unanizibia mwanga," akasema. "Huko nyuma kuna ndoo."

Nikachukua ndoo. Sheria yetu ya kazi haisemi afisa asisombe maji ya udongo, nilishaiangalia. Ukuta ulipokamilika, una mlango wa bati na komeo kwa nje, nilipeleka taarifa, na mahakama ikaamuru Athumani arudi nyumbani.

Ziara yangu ya mwisho pale ilikuwa miezi kadhaa baadaye. Dawa zilikuwa zimempunguzia kifafa sana, lakini hazikuwa zimekimaliza. Athumani alikuwa anacheza uani na gurudumu la baiskeli, akiongea na mimi juu ya mwalimu wake, ghafla akanyamaza katikati ya neno, akaanguka. Niliruka. Mbaruku alinitangulia.

"Mwache," akasema. "Huyu wangu."

Akasogeza jiwe lililokuwa karibu na kichwa. Akamlaza kwa ubavu, ubavu ule ule aliojifunza sakafuni. Hakumshika kwa nguvu, hakumtia kitu mdomoni. Alivua kofia yake akaiweka chini ya shavu la mtoto, akakaa mchangani akimsemesha kwa Kidigo, taratibu, kama mtu anayemwongoza mwenzake kwenye ngazi zenye giza. Mwanahamisi alisimama mlangoni, hakupiga kelele. Mimi nilisimama nimekunja mikono, sina kazi, na katika miaka yangu yote sijapata kufurahia kukosa kazi kama siku hiyo.

Athumani alipozinduka alikunywa maji, akalala kidogo kwenye paja la baba yake, kisha akafungua macho akanikodolea.

"Baba, ndiye huyu tuliyemshitaki?"

"Ndiye."

"Tulishinda?"

Mbaruku aliniangalia, nyusi zake nyeupe zimeinuka. "Muulize mwenyewe."

Nikamwambia ndiyo, mlishinda. Mbaruku, mtu aliyempeleka jirani barazani kwa ajili ya jogoo, hakupinga.